Kila uwanja na matairi yake: Jinsi ya kutayarisha kigari cha rimoti

MBIO za vigari vya umeme vinavyoongozwa kwa mawimbi ya redio, ambavyo ukubwa wake ni sehemu moja ya kumi ya gari la kawaida, aghalabu huchukua dakika tano pekee. Kigari kikipinduka mara moja, sekunde zinazopotea ni vigumu kufidiwa. Ndiyo sababu mshindi mara nyingi huamuliwa na maandalizi kabla ya kuamuliwa na nguvu za mota.

Mchezo huu ulishamiri katika miaka ya themanini. Mwaka 1984, kampuni ya Team Associated ya Marekani ilitoa kigari cha RC10, kilichokuwa na chesisi ya alumini na shokomzoba zenye mafuta. Wakati huo vigari hivi vilikimbizwa hasa kwenye udongo. Siku hizi, hususan barani Ulaya, mashindano mengi hufanyiwa juu ya zulia au nyasi bandia. Dereva anayehamia huko bila kubadilisha chochote hujitafutia balaa.

Jambo la kwanza kuangaliwa ni matairi, kwani hayo pekee ndiyo yanayogusa ardhi. Penye vumbi na udongo tifutifu, hufaa tairi lenye meno marefu yaliyoachana, ili yazame na kusukuma. Udongo mgumu uliosuguliwa hadi ukang'aa huhitaji tairi la mpira laini lenye meno mafupi mno, au lisilo na meno kabisa. Kwenye zulia na nyasi bandia, hutumika tairi lenye meno madogo mengi yaliyokaribiana. Tairi lisilofaa haliwezi kurekebishwa na springi yoyote.

La pili ni kimo cha chesisi kutoka ardhini. Katika uwanja wa udongo wenye mashimo na matuta, kimo cha milimita 22 au zaidi huzuia tumbo la kigari kugonga chini. Kwenye zulia, wengi hukishusha hadi milimita 17 hivi.

Sababu ya kukishusha ni kwamba adui hubadilika. Katika udongo, kigari huserereka kwa kukosa mshiko. Kwenye zulia, mshiko huzidi: matairi hung'ang'ania, bodi huinama katika kona, na kigari hubiringika. Kwa hivyo, mbali na kukishusha, madereva huweka springi ngumu zaidi na mafuta mazito zaidi katika shokomzoba. Baadhi yao hupaka gundi ubavuni mwa matairi ya mbele ili kupunguza mng'ang'anio huo.

Kwenye udongo wenye mabonde, kinyume chake ndicho hufaa. Springi laini na mafuta mepesi huyawezesha magurudumu kufuata kila bonde badala ya kurukaruka. Ikumbukwe pia kwamba mafuta ya silikoni huwa mepesi joto linapopanda na mazito baridi inapoingia. Mafuta yaliyofaa adhuhuri huenda yasifae usiku.

Uzito nao una mahali pake. Katika kigari kinachosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, betri husogezwa nyuma uwanja ukiwa na utelezi, ili magurudumu hayo yakandamizwe chini. Penye mshiko mwingi, betri husogezwa mbele, na vigari vingi vya kisasa huwa na mota iliyo mbele ya ekseli ya nyuma. Hapo usukani hujibu upesi zaidi, ilhali nyuma hakukosi nguvu.

Makosa ya wanaoanza hayatokani sana na kutojua haya. Hutokana na kuyafanya yote kwa pamoja. Anayebadilisha matairi, mafuta na springi kwa mpigo hawezi kujua ni kipi kilichomsaidia na ni kipi kilichomharibia. Walio na tajriba hubadilisha kitu kimoja, huzunguka uwanja mara kadhaa huku wakipima muda, kisha huandika matokeo daftarini pamoja na hali ya uwanja na ya hewa.

Daftari hilo ndilo humwezesha dereva, akirejea katika uwanja ule ule, kuanzia pale alipoachia.