Moshi wa vyombo vya usafiri Kwale na njia za kuupunguza

KAUNTI ya Kwale inajulikana kimataifa kwa mikoko ya Ghuba ya Gazi, ambayo wakazi wa vijiji vya Gazi na Makongeni huitunza na kulipwa kutokana na hewa ya kaboni inayofyonzwa na miti hiyo.

Hata hivyo, si mbali na msitu huo, katika barabara kuu ya Likoni kuelekea Lunga Lunga, pikipiki, tuktuk, matatu na malori hutoa hewa hiyo hiyo kutwa kucha. Kazi kubwa inayofanywa na wanakijiji ufuoni inaweza kufutwa barabarani endapo moshi huo hautapunguzwa.

Kaboni dioksaidi ni miongoni mwa gesi zinazozuia joto kutoka katika anga ya dunia, na ndiyo inayotolewa kwa wingi zaidi na injini za petroli na dizeli. Kwa eneo la Pwani, ongezeko la joto lina maana ya bahari kupanda, matumbawe kufa na mvua kutotabirika kwa wakulima na wafugaji wa Kinango na Lunga Lunga.

Hesabu ya mikoko na pikipiki

Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya kaboni mwaka 2013, unahusu hekta 117 za mikoko. Kila mwaka huhesabiwa kuwa unaepusha takriban tani 3,000 za kaboni dioksaidi. Mapato yake yamesaidia kuleta maji na kuboresha shule. Wakazi wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, nao wana mradi kama huo.

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dioksaidi, na lita ya dizeli takriban kilo 2.7. Gesi hiyo huwa nzito kuliko mafuta yenyewe kwa sababu kaboni iliyomo ndani ya mafuta huungana na oksijeni iliyo hewani.

Mwendeshaji bodaboda anayetumia lita 3 za petroli kwa siku, na kufanya kazi siku 300 kwa mwaka, huchoma lita 900. Hizo ni takriban tani 2 za kaboni dioksaidi. Kwa hesabu hiyo, pikipiki 1,450 hivi zinatosha kutoa kiasi chote ambacho mikoko ya Gazi huepusha kwa mwaka mzima.

Hesabu hii haimaanishi kwamba wahudumu wa bodaboda ndio wa kulaumiwa. Kwa kijiji kisichofikiwa na matatu, pikipiki ndiyo humpeleka mama mjamzito zahanati na mkulima sokoni. Suala si kuziondoa barabarani, bali kubadilisha kinachoziendesha.

Pikipiki za umeme

Kenya ina faida ambayo mataifa mengi hayana. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake huzalishwa kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mitambo ya mvuke iko Olkaria, Naivasha, na shamba kubwa zaidi la upepo liko Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit. Kwa hivyo, pikipiki inayochajiwa Ukunda, Kona ya Musa au Msambweni huendeshwa kwa kiasi kikubwa na kawi isiyotoa moshi.

Mnamo Septemba 1, 2023, Rais William Ruto alizindua mjini Mombasa mpango wa kitaifa wa usafiri wa umeme, siku chache kabla ya kongamano la Afrika kuhusu tabianchi lililofanyika Nairobi. Mwezi huo huo, bei ya petroli nchini ilipita Sh200 kwa lita.

Mwaka huo pia, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) iliidhinisha bei maalum ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri: Sh16 kwa uniti moja saa za kawaida, na Sh8 saa ambazo matumizi ya umeme ni ya chini, kabla ya kodi na ada nyingine. Pikipiki ya umeme huhitaji takriban uniti 3 hadi 4 kusafiri kilomita 100.

Hata hivyo, nafuu hiyo haimfikii mwendeshaji yote. Pikipiki nyingi za aina hii huuzwa bila betri, na mwenye pikipiki hulipa kampuni kila anapobadilisha betri iliyoisha. Pasipo na kituo cha kubadilisha betri karibu, pikipiki hiyo haina faida. Ndiyo sababu teknolojia hii huanzia mijini, huku maeneo ya ndani kama Kinango, yenye barabara za vumbi na umeme unaokatika, yakisubiri.

Tuktuk zinazobeba abiria kati ya Ukunda na ufuo wa Diani zinafaa kuwa miongoni mwa za kwanza kubadilishwa. Safari zao ni fupi, njia haina milima, na hurudi kituo kile kile mara nyingi kwa siku.

Matatu, foleni na feri

Njia nyingine ya kupunguza moshi haihitaji teknolojia mpya. Matatu ya abiria 14 inayotumia lita 3 za dizeli katika safari ya kilomita 30 hutoa takriban kilo 8 za kaboni dioksaidi. Ikiwa imejaa, kila abiria huhesabiwa kilo 0.6 tu. Gari dogo la petroli linalotumia lita hizo hizo likiwa na mtu mmoja humhesabia kilo 7. Usafiri wa umma unaoaminika, wenye nauli isiyobadilika ovyo na vituo salama, ni silaha muhimu dhidi ya moshi.

Kwa miaka mingi, foleni za kivuko cha Likoni zimekuwa chanzo cha uchafuzi usio na manufaa kwa yeyote, kwani injini huunguruma huku magari yamesimama. Barabara ya Dongo Kundu, inayounganisha Miritini na Kibundani kupitia daraja la Mteza lenye urefu wa mita 1,440, ilifunguliwa kwa magari mwaka 2024. Malori yanayoelekea Lunga Lunga na Tanzania sasa yanaweza kuepuka kivuko na kisiwa cha Mombasa.

Hata hivyo, barabara mpya huvutia magari zaidi. Bila mpango wa usafiri wa umma, moshi uliopungua Likoni unaweza kuongezeka Matuga na Ukunda.

Wajibu wa kaunti

Katika ahadi iliyowasilisha mwaka 2020 chini ya Mkataba wa Paris, Kenya ililenga kupunguza gesi hizi kwa asilimia 32 kufikia mwaka 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho zingefikia bila hatua zozote. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 inazitaka serikali za kaunti kujumuisha suala hilo katika mipango yao ya maendeleo.

Katiba ya mwaka 2010 nayo imezikabidhi kaunti majukumu ya barabara za kaunti, taa za barabarani, uegeshaji magari na usafiri wa umma. Hii ina maana kwamba kutenga nafasi za kuchaji betri katika vituo vya bodaboda, kujenga njia za wanaotembea na wa baiskeli, na kupanga vituo vya matatu ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa Kwale yenyewe.

Wavuvi wa Gazi, Msambweni na Vanga wanaosafiri kwa tanga hawachomi hata tone la mafuta, na bado ndio watakaotangulia kuumia bahari ikizidi kupata joto. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mikoko ni sehemu ya ukuta huo, lakini ufa uko barabarani.