Pete ya Mukuku: nani mwenye roketi hii?

Leo tuongee roketi. Tarehe 30 Mei 2020, saa nne usiku kwa saa zetu, kampuni binafsi ya SpaceX iliwarusha Bob Behnken na Doug Hurley. Swali lilikuwa moja: watafika salama? Walifika.

Huku Ukambani tuna swali jingine. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma, upana mita 2.5 hivi, uzito kilo 500 hivi, iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni. Hakuna aliyeumia. Shirika la Anga la Kenya lilisema, kwa uchunguzi wa awali, ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Pete hizo kwa kawaida huungua angani au huanguka baharini.

Kenya si mgeni wa mambo haya. Satelaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970.

Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha chombo hulipa hasara yote ardhini, hata bila kosa. Lakini kwanza mwenyewe ajulikane! Sisi waandika programu tunajua: hitilafu isiyo na kumbukumbu haina mwenyewe. Pete ikiangukia boma la mtu kesho, Kitui au Makueni, atamdai nani? Basi kila kipande kirushwe na namba yake.