Kanuni Ndogo, Mchezo Mpya: Kisolo, Bao na Simu ya Mkononi

Historia ya michezo ya kufikiri mara nyingi huelezwa kana kwamba kila mchezo ulizaliwa mara moja, ukiwa kamili. Ubao wa safu nne wakanusha dhana hiyo. Waluba huuita mchezo wake kisolo, Wanyarwanda igisoro, Waganda omweso, na Waswahili bao. Katika miaka ya 1920, Union Minière iliajiri wafanyakazi kutoka Kasai na Ruanda-Urundi. Hivyo wenye kisolo na wenye igisoro wakakutana katika kambi za Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi.

Omweso na bao hutumia mashimo 32 na kete 64. Katika omweso, kila mchezaji hupanga kete zake zote 32 kabla ya kuanza. Katika bao la Kiswahili, huweka 10 tu ubaoni na kubaki na 22 mkononi, akiziingiza moja moja. Hatua hiyo huitwa namua. Kete za mkononi zikiisha, mtaji huanza. Tena, kete ya mwisho ikiangukia katika nyumba yake yenye kete sita au zaidi baada ya kula, mchezaji huchagua kulala au kusafiri. Ubao haukubadilika, lakini mbinu zimekuwa nyingine kabisa.

Michezo ya simu imefuata njia hiyo hiyo. Mnamo Februari 2014 ulitolewa Threes, wa vigae vyenye namba katika miraba 16. Mwezi uliofuata, Mwitaliano Gabriele Cirulli alitoa 2048, wenye miraba 16 vilevile. Katika Threes kigae husogea hatua moja. Katika 2048 huteleza hadi mwisho. Badiliko hilo liliufanya mchezo uwe mwepesi na wa kasi.

Tofauti iko katika lugha. Wachezaji wa bao waliyapa mabadiliko yao majina: namua, mtaji, nyumba, kichwa, kimbi. Kanuni yenye jina hufundishika, hubishaniwa na hurekebishwa. Kijana wa Lubumbashi hujifunza kanuni za simu kwa kidole, bila neno la Kiswahili la kuzitajia. Hivyo huzitii tu, wala hana njia ya kuzijadili na wenzake. Kwa hiyo, kukusanya istilahi za kisolo vinywani mwa wazee wa Katanga ni kazi ya wanaisimu isiyopaswa kuahirishwa, kwani kwa maneno hayo hata kanuni za simu zaweza kupewa majina.