Mashetani wa Cardiff: timu iliyohamia kwenye hema

Jamani, kabla hamjanicheka. Ndiyo, ni mimi yule yule mtoto wa Temeke, na ndiyo, leo naandika kuhusu mchezo unaochezwa juu ya barafu. Barafu niliyoijua mimi tangu utotoni ni ile ya shilingi hamsini, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, unainyonya mpaka rangi inabaki kwenye ulimi. Lakini mwaka 2024 nilikwenda Cardiff, mji mkuu wa Wales, kusomea shahada ya pili, na baba mwenye nyumba wangu, mzee mmoja dereva wa basi mstaafu, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: Cardiff Devils. Hata salamu yake asubuhi ilikuwa matokeo ya jana.

Devils maana yake mashetani. Hapana, siyo wale Mashetani Wekundu wa Manchester mnaogombana nao vibanda umiza. Hawa wanacheza hoki ya barafuni. Kwa wale wasioujua mchezo huu: kila timu ina watu sita uwanjani, kipa akiwemo. Wamevaa viatu vyenye makali chini, na wanagombea kisahani cheusi cha mpira mgumu kinachoitwa paki. Vipindi ni vitatu vya dakika ishirini ishirini. Wachezaji wanabadilishana wakati mchezo unaendelea, maana ukikimbia kwa kasi ile zaidi ya dakika moja hivi mapafu yanagoma. Ndondi zinatokea, na mwamuzi huwa hana haraka ya kuamulia. Nilipenda mara ya kwanza, sifichi.

Lakini sikukaa kuandika haya kwa sababu ya ndondi. Siku moja mzee alinipeleka mjini, katikati kabisa, tukaingia kwenye duka kubwa la John Lewis. Nilidhani anataka kununua kitu. Akanipandisha ngazi za umeme, akasimama katikati ya watu wenye mikokoteni na mifuko, akaniambia hapa ndipo palipokuwa na barafu. Pale alipokuwa amesimama wanauza vyombo vya jikoni. Nikajua kuna habari hapa, na habari yenyewe siyo ya mabao.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1986 ulifunguliwa uwanja wa barafu wa taifa wa Wales, pale pale katikati ya Cardiff. Kabla ya hapo mji huu ulikuwa mji wa raga, mpira wa miguu na makaa ya mawe. Makaa hayo yalipitia bandarini kwa wingi kiasi kwamba mwanzoni mwa karne iliyopita Cardiff ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa kuliko zote duniani kwa kusafirisha makaa. (Mabaharia Wasomali walioajiriwa kwenye meli za makaa waliacha wajukuu mpaka leo. Nilikuwa nanunua mchele kwa mmoja wao aliyewahi kuishi Eastleigh, tukapiga Kiswahili mpaka foleni ikalalamika.) Mwaka huo huo wa 1986 Mkanada mmoja, John Lawless, akaanzisha timu ya kuutumia ule uwanja mpya. Alikuwa kocha na alikuwa mchezaji pia. Walianzia chini kabisa kama timu yoyote mpya.

Miaka mitatu tu. Mwaka 1989 walikuwa wamepanda ligi kuu, ambayo siku hizo ilidhaminiwa na bia ya Heineken. Msimu wao wa kwanza huko juu, 1989/90, wakachukua ubingwa wa ligi, halafu wakaenda fainali ya ubingwa wa Uingereza ukumbini Wembley dhidi ya Murrayfield Racers wa Edinburgh. Mechi ikaenda mpaka penalti, na penalti zikaenda mpaka watu wakachoka kuhesabu. Cardiff wakashinda. Mzee alikuwepo. Akiisimulia anasimama kwenye kiti, na mkewe anaondoka sebuleni, maana ameshaisikia mara mia.

Siri ya kupanda haraka hivyo haikuwa muujiza. Lawless alijua kusajili. Alimchukua Steve Moria, Mkanada aliyekuwa akifunga kama anaokota embe. Akawachukua ndugu wawili, Stephen na Ian Cooper, kutoka Durham Wasps, timu iliyokuwa inatisha kaskazini mwa Uingereza. Msimu wa 1992/93 Devils wakabeba kila kombe lililokuwa mezani. Uliofuata wakachukua tena ligi na ubingwa. Uwanja ulikuwa mdogo, watu chini ya elfu tatu, lakini ulijaa, na ulikuwa katikati ya mji. Unatoka kazini, unapita kununua chipsi, unaingia kwenye mechi. Mzee aliniambia hakuwahi kufikiria kama ule ukaribu una thamani, kwa sababu ulikuwepo tu.

Halafu pesa ikabadilika sura. Mwaka 1996 ikaanzishwa ligi mpya, Superleague, na Cardiff wakawa mabingwa wake wa kwanza, 1997. Ukisoma hapo utadhani mambo ni mazuri. Ila angalieni wenzao walikuwa wanacheza wapi. Sheffield na Manchester walikuwa na kumbi kubwa za kisasa. Mechi ya Manchester Storm na Sheffield Steelers Februari 1997 iliingiza watu 17,245. Cardiff hata wangewapanga mashabiki kama dagaa wasingefika robo ya hapo. Na mchezo huu Uingereza hauna hela za maana za televisheni, timu inaishi kwa tiketi. Kwa hiyo mtu wa viti elfu mbili na kitu anashindana mishahara na mtu wa viti elfu kumi na kitu. Kila msimu unajaza uwanja, unashangiliwa, na kila msimu unazidi kuzama.

Mwaka 2001 wakazama. Kampuni ikafilisika, timu ikatoka Superleague na kuangukia ligi ya chini. Hapa ndipo sehemu iliyonikaa kichwani kuliko vikombe vyote. Timu ilibaki na jina lile lile, uwanja ule ule, lakini mashabiki wengi hawakuwakubali waliokuja kuiendesha. Wakasusa. Kususa kweli, siyo kwa maneno ya kijiweni. Uwanja uliokuwa hauna nafasi ya kusimama ukawa na mwangwi.

Nilimuuliza mzee ilikuwaje kwake. Alikuwa hajakosa mechi ya nyumbani tangu 1986 ila siku mbili, moja ya msiba na moja ya kuzaliwa mtoto. Msimu ule hakukanyaga. Kila mechi ilipofika alikuwa anaosha gari. Gari lilikuwa safi mno mwaka huo, akasema, na hakucheka. Kuna majirani zake walioendelea kwenda, wakisema mtoto wako akiugua humkimbii. Yeye alisema ukiendelea kulipa, unamlipa anayemuumiza mtoto. Kuna watu hawakusalimiana kwa miaka kwa sababu hiyo. Mimi bado sijui ningekuwa upande gani. Nadhani ningekwenda, nikajificha nyuma.

Uongozi ukabadilika, watu wakarudi kidogo kidogo. Superleague yenyewe ikafa 2003, maana mishahara ile haikumshinda Cardiff peke yake. Manchester Storm wa yale maelfu walikuwa wamekwishafunga duka tangu 2002. Ikaundwa ligi mpya yenye akili zaidi ya matumizi, na Cardiff wakawa miongoni mwa waanzilishi. Mwaka 2006 wakachukua kombe. Mzee akaanza tena kusimama kwenye viti.

Na mwaka huo huo, 2006, uwanja ukavunjwa.

Hapakuwa na kashfa. Halmashauri ya jiji ilikuwa na mpango wa kupanua eneo la maduka katikati ya mji, mradi mkubwa wa pesa nyingi, na uwanja wa barafu ulikuwa umekaa katikati ya ramani. Uwanja mpya uliahidiwa, utajengwa kule ghuba ya Cardiff, kwenye zile ardhi za bandari ya zamani. Wakati unajengwa, timu itawekewa sehemu ya muda. John Lewis ikafunguliwa 2009, kwa wakati. Uwanja mpya wa barafu...

Subirini kwanza niwaambie hiyo sehemu ya muda. Lilikuwa hema. Siyo lugha ya picha, ni hema kabisa, kubwa, la bluu, watu waliliita hivyo hivyo, Hema Kubwa la Bluu. Chini mitambo ya kugandisha barafu, juu turubai. Halikuwa tayari msimu ulipoanza, timu ikazurura miezi ya mwanzo bila kwao, mpaka Desemba 2006. Na lilipokuwa tayari, lilikuwa nje ya mji kiasi kwamba yule mtu wa kupita na chipsi zake baada ya kazi hakuwepo tena. Ukiwa na gari sawa, ukiwa huna, kazi unayo. Mzee anasema ndani kulikuwa na baridi kuliko nje, kitu ambacho kwa Wales ya Januari nakiona kama mafanikio ya kisayansi.

Hema lilikuwa la miaka michache. Wakakaa karibu kumi.

Nataka muelewe hatari ilikuwa kubwa kiasi gani, kwa sababu ukisoma tu orodha ya vikombe huioni. Wakumbukeni Durham Wasps, walikotoka wale ndugu Cooper. Mwaka 1995 timu ile ilinunuliwa na Sir John Hall, mwenye Newcastle United wakati ule, ikahamishwa Sunderland kisha Newcastle, jina likabadilishwa. Uwanja wa Durham ukafungwa 1996. Timu iliyokuwa bingwa wa Uingereza ikabaki kwenye picha za ukutani. Timu ya mpira wa miguu ikikosa uwanja itakodi wa jirani, nyasi ziko kila mahali. Barafu inatengenezwa kwa umeme, saa ishirini na nne, na jirani mwenye barafu yuko maili nyingi. Paa likiondoka, timu inaondoka nalo. Sisi waandishi wa michezo tunajaza kurasa na usajili, nani kaja, nani kaondoka. Hati ya kiwanja hatuigusi. Mimi mwenyewe nimeandika habari za usajili zaidi ya mia na sijawahi hata mara moja kwenda ofisi ya ardhi.

Kilichoiweka hai Cardiff miaka ile ni watu kama mzee wangu, waliokubali baridi. Hilo lazima lisemwe kwanza. Halafu mwaka 2014 wakaja wenye pesa na mpango: kundi la wafanyabiashara kutoka Kanada wakiongozwa na Steve King. Wakamleta Todd Kelman kuwa mkurugenzi mtendaji. Kelman alikuwa beki wa Belfast Giants, kisha meneja wa timu hiyo hiyo, anaijua ligi kama kiganja chake. Ukocha akapewa Andrew Lord, aliyekuwa bado anacheza, kama Lawless zamani. Sijui kama walifanya hivyo makusudi. Machi 2015, wakiwa bado wanaishi kwenye hema, wakawafunga Sheffield Steelers 2-1 kwenye fainali ya Challenge Cup, tena huko huko Sheffield. Hema lile lilikuwa limepata kombe.

Machi 2016 uwanja wa kudumu ukafunguliwa, kule ghuba, viti zaidi kidogo ya elfu tatu. Elfu tatu tu! Baada ya miaka kumi ya kusubiri mtu angetegemea jumba. Lakini mnakumbuka kilichowapata wa majumba. Msimu wa kwanza kamili ndani yake, 2016/17, Devils wakatwaa ligi, miaka ishirini tangu ile ya 1997. Wakarudia 2018, wakaongeza na ubingwa wa mtoano mwaka huo, kisha 2019, kisha 2022. Hapo napita haraka, mabingwa wakishinda hakuna hadithi.

Mimi niliingia mle kwa mara ya kwanza vuli ya 2024. Januari 2025 Cardiff waliandaa fainali za Continental Cup, mashindano ya vilabu vya Ulaya. Timu moja tu ya Uingereza ilikuwa imewahi kulichukua, Nottingham Panthers, 2017. Mzee alikuwa na tiketi mbili, mkewe alikataa kwenda, nikaenda mimi. Nilivaa kila nguo niliyokuwa nayo. Nimekaa pembeni ya mtu mwenye miaka sabini na kitu, sauti imekauka tangu kipindi cha kwanza, mkono wake umeshika wa kwangu bila yeye kujua.

Walilichukua kombe. Watu wakapiga kelele, nami nikapiga, kwa Kiswahili, hakuna aliyejali. Mzee hakusimama kwenye kiti safari hii. Alikaa akaangalia juu. Nikadhani anasali, nikainama kumuuliza kama yuko sawa. Akanionyesha kwa kidole: dari. Mabati, vyuma, taa. Akasema halivuji.

Tukatoka kwenda kusubiri basi. Basi lilichelewa dakika arobaini.