Mashua iliyokaa muda mrefu: ya kukagua kabla ya kuirudisha majini

Maji yanayoshuka Mlima Meru na kuingia Mto Kikuletwa huishia Bwawa la Nyumba ya Mungu, na wapo wasikilizaji wetu wanaoishi kwa uvuvi wa huko. Wengine wana ndugu Kigoma, ambako Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 ili samaki wazaliane. Miezi 3 nchi kavu inatosha kuiharibu mashua, na ubovu wake hauonekani ukiwa ufukweni. Unaonekana mashine ikizima katikati ya maji, usiku, upepo umeshaanza.

Tuanze na petroli, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Petroli iliyokaa miezi mingi hubadilika rangi na harufu, na huacha gundi inayoziba vitundu vyembamba vya kabureta. Mtu atavuta kamba mpaka mkono ufe ganzi, kisha aseme mashine imekufa, kumbe mbovu ni mafuta. Yatoe yote uyatie kwenye dumu, usiyamwage majini. Safisha tangi, chujio na kabureta, ndipo uweke petroli mpya. Kama mashine yako ni ya kuchanganyiwa oili, kipimo kinachotumika sana ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa kila lita. Zipo zinazotaka zaidi, kwa hiyo fuata kitabu chake. Oili ikipungua, pistoni inakwama.

Funua kifuniko uangalie panya. Wanapenda sana kujenga humo na kutafuna waya. Fungua plagi, zisafishe, dondoshea oili kidogo kwenye matundu yake, kisha vuta kamba polepole mara kadhaa kabla ya kuzirudisha. Angalia na oili ya giaboksi: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, mwite fundi.

Usiiwashe mashine ikiwa kavu, hata kwa dakika moja ya kujaribu. Pampu yake ya maji ina mpira unaoungua haraka usipopata maji. Tumbukiza sehemu ya chini kwenye pipa lililojaa maji, washa, utazame kama maji yanachuruzika nje kupitia tundu lake. Yasipotoka, zima papo hapo.

Kwa chombo chenyewe, mbao zikikauka husinyaa na maungio hufunguka. Hapa haraka inaumiza: ukishindilia pamba nyingi mbao zikiwa kavu, zitakapovimba zitasukumana na misumari italegea. Sisi tungekishusha kwanza kwenye maji ya kina kifupi, kikiwa kimefungwa kamba, kikae siku 2 au 3 kinywe maji. Sehemu nyingi zitajifunga zenyewe. Panapoendelea kuvuja tia alama, kipandishe chombo, kisha pajaze pamba. Choma kisu kwenye mbao za chini. Kikizama kirahisi, ubao umeoza, ubadilishe.

Leseni ya uvuvi hukatwa kila mwaka, kwa hiyo itazame tarehe yake kabla ya kutoka. Safari ya kwanza iwe mchana, karibu na ufukwe, bila nyavu. Beba makasia, kopo la kuchotea maji, na jaketi la kuokolea kwa kila aliyemo.