Kasumba, Unga na Uzazi wa Mwanamume

Mwaka 1563 tabibu wa Kireno, Garcia de Orta, alichapisha mjini Goa kitabu chake kuhusu dawa na mimea ya Bara Hindi. Humo alieleza pia habari za kasumba, utomvu wa mpopi ambao wanaume wengi wa huko waliula wakiamini unawaongezea uwezo katika tendo la ndoa. Orta hakukubaliana nao. Kwa maoni yake kasumba ilidhoofisha uwezo huo. Kilichowadanganya watumiaji ni kwamba mtu aliyeila huchelewa kumaliza, nao wakahesabu kuchelewa huko kuwa ni nguvu. Goa ndiyo iliyokuwa makao ya utawala wa Wareno katika Bahari ya Hindi, utawala uleule ulioanza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa miaka 30 baadaye. Onyo hilo basi limo katika bahari yetu tangu zaidi ya karne nne zilizopita. Nashikilia kwamba madhara ya jamii hii ya dawa kwa uzazi wa mwanamume yamefichwa na athari yake ya kwanza, ambayo hujifanya faida, na kwamba hapa pwani yamefichwa mara ya pili na jinsi tulivyopanga kupambana na unga, yaani heroini.

Unga wenyewe si wa zamani sana. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani Friedrich Sertürner alitenga mofini kutoka kwenye kasumba. Mwaka 1874 mkemia C. R. Alder Wright wa London akaibadilisha mofini hiyo kuwa kitu kikali zaidi. Na mwaka 1898 kampuni ya Bayer ikaanza kukiuza kwa jina la Heroin, kama dawa ya kikohozi. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki heroini ilianza kuonekana mitaani miaka ya 1980. Ilikuwa ile ya rangi ya kahawia, iliyoitwa brown sugar, na ilivutwa kwa moshi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 heroini nyeupe ilikuwa imeingia sokoni, na kwa kuwa huyeyuka kwa urahisi, sindano zikaenea Mombasa, Malindi, Dar es Salaam na Unguja. Njia yake ni bahari ileile ya biashara ya majahazi: mzigo hutoka Afghanistan, hupakiwa pwani ya Makran huko Iran na Pakistan, kisha hushuka kusini. Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini ndani ya jahazi karibu na Mombasa. Mzigo wa namna hiyo ndio unaoishia kuwa kete, kipakiti kidogo anachonunua teja mara kadhaa kwa siku ili arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, isimshike. Vijiweni bado inasemwa kwamba unga humfanya mwanamume adumu, na dhana hiyohiyo ndiyo inayouza vidonge vya tramadol, dawa ya maumivu ya jamii hiyohiyo, huko Misri na Afrika Magharibi. Ni maneno ya wale wale aliowapinga Orta.

Sababu ya dhana hiyo kuwa kosa ilifahamika katika miaka michache tu ya karne iliyopita. Mwaka 1971 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani, la Andrew Schally na la Roger Guillemin, yalibainisha muundo wa homoni inayotoka kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo. Homoni hiyo, GnRH, haitiririki. Hutolewa kwa mapigo, takriban kila saa moja na nusu hadi mbili kwa mwanamume mzima. Kila pigo huiamsha tezi ya pituitari itoe homoni nyingine mbili, LH na FSH. LH huzifikia korodani na kuziamuru zitengeneze testosteroni, na FSH husaidia kukuza mbegu. Mwaka 1973 ikathibitika kwamba ubongo una vipokezi maalumu vya dawa za jamii ya kasumba, na mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, wakifanya kazi Aberdeen nchini Scotland kwa kutumia ubongo wa nguruwe, wakapata vitu ambavyo mwili wenyewe hutengeneza kwa ajili ya vipokezi hivyo. Vitu hivyo vya asili hufanya kazi pia ya kupunguza mapigo ya GnRH, kwa kiasi na kwa wakati wake. Heroini huvamia breki hiyo na kuikanyaga mchana na usiku. Mapigo yanapungua, LH inashuka, korodani zinakosa amri ingawa zenyewe ni nzima, na testosteroni inaporomoka. Mara nyingi prolaktini nayo hupanda na kuongeza uzito wa breki. Hamu inakwisha, misuli na mifupa inadhoofika, na utengenezaji wa mbegu unavurugika.

Utafiti ninaoupa uzito kuliko mwingine ni ule wa Theodore Cicero na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 1975. Walipima wanaume 29 waliokuwa kwenye tiba ya methadoni (dawa ya jamii hiyohiyo inayotolewa kliniki badala ya heroini), watumiaji 16 wa heroini, na wanaume 43 wasiotumia chochote kati ya hivyo. Kwa wale wa methadoni, ujazo wa manii na majimaji ya tezi zinazoyatengeneza ulikuwa umepungua kwa zaidi ya nusu, na testosteroni ilikuwa chini kwa asilimia 43. Hesabu ya mbegu, hata hivyo, ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kawaida. Anayesoma namba hiyo peke yake atamwambia mgonjwa aende nyumbani, mambo ni mazuri. Ukweli ni kwamba majimaji yalikuwa machache mno hata mbegu zikasongamana, na uwezo wake wa kuogelea ulikuwa umeshuka vibaya. Wapo wanaume wanaopewa karatasi ya maabara yenye hesabu nzuri ya mbegu, kisha lawama yote inahamia kwa mke. Kwetu mwanamke asiyeshika mimba huitwa tasa kabla mumewe hajaombwa hata kipimo kimoja.

Msomaji makini ataona jambo: katika utafiti huo watumiaji wa heroini walikaribiana na watu wa kawaida. Je, basi heroini haina kosa? Mwaka 1973 Fereidoun Azizi na wenzake walikuwa tayari wamekuta testosteroni ya chini kwa watumiaji wa heroini na wa methadoni pia. Kwa maoni yangu tofauti hiyo inaelezwa na dozi na mfululizo wake. Heroini hudumu mwilini saa chache, na ya mtaani huchanganywa. Methadoni hukaa zaidi ya siku nzima. Anayeikosa kete mara kwa mara huyapa mapigo nafasi ya kurudi, lakini anayeipata bila kukosa hana nafasi hiyo. Hili linajibu pia pingamizi la kawaida kabisa, kwamba mateja wanazaa. Ndiyo, wanazaa, na asiwepo wa kuufanya unga kuwa uzazi wa mpango. Kinachopungua ni uwezekano, kwa viwango vinavyotofautiana baina ya mtu na mtu.

Wengine husema kinachowaharibu ni njaa, sigara, magonjwa na kulala nje. Hayo yote hudhuru, sibishani. Lakini mwaka 2000 Roger Abs na wenzake nchini Ubelgiji walichapisha vipimo vya wagonjwa waliopewa dawa za jamii hii kwenye uti wa mgongo kwa ajili ya maumivu sugu yasiyo ya saratani. Hawa walikuwa wagonjwa chini ya uangalizi wa daktari, mbali kabisa na kijiwe na kete. Katika wanaume 29, testosteroni ilikuwa chini sana kwa 25. Umaskini hauwezi kubebeshwa matokeo hayo.

Linabaki pingamizi zito kuliko yote: ikiwa methadoni nayo inashusha homoni, kwa nini tuitoe? Kwa sababu inaokoa maisha. Tanzania ilifungua kliniki yake ya kwanza Muhimbili mwaka 2011, Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014, Malindi, Mombasa na Zanzibar zikiingia mwaka uliofuata. Kliniki hizi zilianzishwa kwanza kwa hofu ya UKIMWI, kwa haki kabisa, kwani sindano za kuchangia zilikuwa zikieneza virusi kwa kasi. Ila mwelekeo huo uliacha pengo. Mwanamume anakuja kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, anapimwa virusi, homa ya ini na kifua kikuu, naye ni kijana anayetaka kuoa au ameoa tayari. Suala la uzazi likikosa nafasi katika mazungumzo hayo, hamu inapokwisha anaweza kuilaumu methadoni kimyakimya, akaacha kuja, akarudi kwenye unga. Huko dozi haipimwi na sindano haina usalama.

Njia zipo. Dozi inaweza kuangaliwa upya na daktari. Watafiti wa Bonn walionyesha mwaka 2005 kwamba wanaume waliotibiwa kwa buprenofini, dawa nyingine inayotolewa badala ya heroini, walikuwa na testosteroni ya juu kuliko wa methadoni. Anayeacha dawa hizi kwa utaratibu huweza kurudishiwa homoni zake, ila mbegu huchelewa, maana mzunguko mmoja wa kuzitengeneza huchukua takriban siku 74; kipimo cha wiki ya tatu hakimwambii mtu lolote la uhakika. Jambo moja ni la hatari: mwanamume anayetaka mtoto asikimbilie sindano ya testosteroni, kwa kuwa hiyo nayo huizima LH na kupunguza mbegu zaidi. Kwa wasimamizi wa kliniki za methadoni, ombi ni hili: ongezeni swali la uzazi kwenye fomu ya kila mgonjwa mwanamume, na kipimo cha testosteroni cha asubuhi kwa anayelalamika. Na familia inayongoja mjukuu imtangulize mume maabara, apimwe manii yote, ujazo na mwendo wa mbegu pamoja na hesabu yake.