Mstari Mlalo Wenye Maana Mbili

Anayeanza fizikia huonyeshwa mstari mlalo kwenye grafu mbili. Kwenye moja, ya umbali na muda, anaambiwa kitu kimesimama. Kwenye nyingine, ya kasi na muda, kinakwenda kwa kasi isiyobadilika. Wengi huchanganyikiwa, kisha hulaumiwa kwamba hawako makini. Lawama hiyo si ya haki, kwa maana grafu hizo zilitoka kwa watu tofauti waliokuwa na haja tofauti.

Grafu ya kasi na muda ina asili ya kale. Katika miaka ya 1330 wanazuoni wa Chuo cha Merton, Oxford, akiwemo William Heytesbury, walieleza kwa maneno tu, bila mchoro, kwamba kitu kinachoongeza kasi kwa usawa hufika umbali uleule ambao kingefika kwa kwenda muda wote kwa kasi ya wastani. Miongo michache baadaye Nicole Oresme, mwanazuoni wa Paris, aliichora hoja hiyo: akalaza mstari wa muda, akasimamisha juu yake mistari ya kasi, na kitu kilichoanza kikiwa kimetulia kikampa pembetatu. Tuseme kasi inapanda kutoka sifuri hadi mita 8 kwa sekunde katika sekunde 10. Eneo la pembetatu ni 40, sawasawa na la mstatili wenye kimo cha 4, yaani kasi ya wastani, na mita 40 ndizo zilizokwendwa. Basi eneo lililo chini ya mstari si ujanja wa kujibia mtihani; ndilo lililofanya mchoro uchorwe.

Yuko atakayesema kwamba Oresme hakupima chochote, hivyo mchoro wake si grafu. Ni kweli hakupima, wala hakudai kwamba jiwe linaloanguka hufuata pembetatu yake. Hilo lilithibitishwa na Galileo, katika kitabu kilichochapwa Leiden mwaka 1638. Lakini wazo lililo gumu kuliko yote, kwamba umbali waweza kuonyeshwa kwa eneo, Galileo alilikuta limekwisha kuchorwa.

Grafu ya umbali na muda ilipata kazi kwenye reli. Étienne-Jules Marey, katika kitabu chake kilichotolewa tena mwaka 1885, alionyesha ratiba ya treni kati ya Paris na Lyon, akimtaja mhandisi Ibry kuwa mbunifu wake. Saa zimepangwa kwa ulalo, vituo kwa wima kufuatana na umbali. Treni ya haraka ni mstari wenye mwinamo mkali. Inayopakia abiria ni kipande kifupi kilicholala. Mistari inapokatana, treni zinapishana. Hapo mwinamo ulitosha, eneo halikumhusu mtu.

Wanahisabati watasema grafu hizo ni kitu kimoja, kwa kuwa mwinamo wa moja ni kimo cha nyingine. Ni kweli, ila muungano huo ulihitaji kalkulasi ya Newton na Leibniz, ambayo mwanafunzi wa mwanzo bado hajaifikia. Walimu, kabla ya kumuuliza mstari unasema nini, mwulizeni kwanza mhimili wa wima unapima nini.